Hesabu ya Fedha na Hesabu ya Watu

Chama cha siasa huzaliwa kama azaliwavyo mtoto: jina hupewa na wazazi, lakini tabia huipata ulimwenguni. Wako wazazi waliompa mtoto jina zuri, wakaishi hata wakaona haya kulisikia likitajwa barazani. Ndivyo yalivyowapata baadhi ya watu waliokutana tarehe 6 Februari 2013 katika mji mdogo wa Oberursel, karibu na Frankfurt, nchini Ujerumani. Walianzisha chama wakakiita Chama Mbadala kwa Ujerumani, ambacho kwa herufi za lugha yao hujulikana kama AfD. Miaka 12 baadaye, katika uchaguzi wa tarehe 23 Februari 2025, chama hicho kilipata asilimia 20.8 ya kura na viti 152 katika Bunge la Shirikisho, kikawa cha pili kwa ukubwa. Tangu kwisha kwa Vita Vikuu vya Pili hakuna chama cha mrengo mkali wa kulia kilichopata kufika daraja hiyo katika uchaguzi wa taifa nchini humo.

Habari ya mbali hudhaniwa kuwa ni ya wenyewe. Lakini Ujerumani si nchi ngeni kwa wasemao Kiswahili. Ndiyo iliyoitawala Tanganyika mpaka vita vya 1914 hadi 1918, na katika mji wake wa Berlin Kiswahili kilianza kufundishwa mwaka 1887, miaka mingi kabla chuo kikuu cha kwanza cha Afrika Mashariki hakijafungua milango yake. Mmoja katika waliokifundisha huko, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikufa katika kambi ya mateso kwa sababu ya hesabu aliyohesabiwa na dola. Habari yake itakuja mahali pake. Kwanza yafaa kuona jinsi chama hiki kilivyoanza, maana mwanzo wake haukufanana na kile kilichokuja kuwa.

Waanzilishi wake walikuwa watu wa vitabu na kalamu. Bernd Lucke alikuwa profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Hamburg; Konrad Adam alikuwa mwandishi wa magazeti; Alexander Gauland alikuwa mwanasheria aliyekaa miaka mingi katika chama cha wahafidhina cha CDU. Kilichowakusanya pamoja kilikuwa deni. Ugiriki na nchi nyingine za Ulaya zilikuwa zimeelemewa na madeni, na Kansela Angela Merkel aliwaambia raia wake kwamba hapana njia nyingine ila kuzisaidia, ili sarafu ya euro isianguke. Watu hawa wakajibu, kwa jina lenyewe la chama chao, kwamba njia nyingine ipo.

Hoja hiyo ilistahili kusikilizwa. Mtu alipaye kodi ana haki ya kuuliza kodi yake yaenda wapi, na serikali isemayo kwamba hapana njia nyingine huwafunga watu midomo kabla hawajaifungua. Kosa hilo la watawala lisisahauliwe na yeyote atakayeandika historia ya chama hiki. Mahali ambapo majadiliano hufungiwa mlango, ghadhabu hupita dirishani.

Katika uchaguzi wa Septemba 2013 chama kilipata asilimia 4.7 ya kura. Sheria ya Ujerumani yataka chama kipate asilimia 5 ili kigawiwe viti bungeni. Iliwekwa baada ya vita, ili bunge lisivunjike vipande vipande kama lilivyovunjika kabla ya utawala wa Hitler. Chama kichanga kikabaki nje kwa upungufu mdogo. Mwaka uliofuata kilipata asilimia 7.1 katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, kikaingia pia katika mabunge ya majimbo matatu ya mashariki. Mpaka hapo hesabu yake kubwa ilikuwa hesabu ya fedha.

Lakini hesabu ya fedha ni kavu, haichemshi damu. Nyuma ya maprofesa walikuwa wamekwisha kuketi watu waliotaka hesabu nyingine, yaani hesabu ya watu: nani ni wetu na nani si wetu, wako wangapi wao, na tumebaki wangapi sisi. Julai 2015, katika mkutano wa chama mjini Essen, wanachama walimwondoa Lucke katika uongozi wakamweka Frauke Petry. Lucke akakihama chama alichokizaa, akilalamika kwamba kimegeuka kuwa cha kuwachukia wageni na Uislamu. Yafaa kuiangalia tarehe hiyo. Mapinduzi hayo ya ndani yalikuja kabla ya vuli ya mwaka ule, wakati wakimbizi kutoka Shamu, Afghanistan na Iraki walipoingia kwa wingi. Wakimbizi hawakuuleta moto. Walikuta kuni zimekwisha pangwa.

Mwaka ule watu wapatao 890,000 waliingia Ujerumani kutafuta hifadhi. Wajerumani wengi waliwapokea vituoni kwa chakula na nguo, na sifa hiyo ni haki yao. Wengine waliogopa, na si kila aliyeogopa alikuwa mbaya. Manispaa zilitafuta nyumba, shule zilitafuta walimu, na yalitokea makosa ya jinai yaliyofanywa na baadhi ya waliokuja, ambayo hayakupaswa kufichwa. Chama kilikusanya hofu hizo zote kikazipa jina moja. Septemba 2017 kiliingia katika Bunge la Shirikisho kwa asilimia 12.6 na viti 94. Siku iliyofuata Frauke Petry, yule yule aliyempindua Lucke, alitangaza kwamba hataketi pamoja na wabunge wa chama chake, akaondoka. Jörg Meuthen, aliyekuwa mmoja wa viongozi wakuu kwa miaka mingi, naye aliondoka Januari 2022, akisema kwamba chama kimekwenda kulia mno.

Hapa pana fundisho kwa mwanafunzi wa siasa. Viongozi watatu waliondoka mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alidhani kwamba mlango alioufungua utabaki wazi kwa kipimo cha mkono wake. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini la kushangaza zaidi ni kwamba chama hakikufa kwa kuondoka kwao. Kilipungua hadi asilimia 10.3 mwaka 2021, kisha kikainuka tena kikavuka mahali kilipokuwa. Hii ni dalili kwamba nguvu yake haikuwa katika waliokianzisha, bali katika haja fulani ya watu ambayo wengine walishindwa kuikidhi. Haja hiyo ni lazima itazamwe kwa macho makavu.

Ujerumani ya Mashariki na ya Magharibi ziliungana tarehe 3 Oktoba 1990. Viwanda vya dola ya mashariki, zaidi ya 8,000, vilitiwa mikononi mwa taasisi moja iliyoitwa Treuhand ili iviuze, ivitengeneze au ivifunge. Katika miaka minne tu kazi hiyo ilikuwa karibu imekwisha, na mamilioni ya watu walikuwa wamepoteza kazi walizozizoea. Vijana wakahamia Magharibi kutafuta riziki, hasa wasichana. Shule zilikosa watoto zikafungwa. Wakubwa wa ofisi, mahakama na vyuo aghalabu walitoka Magharibi. Wazee wa huko walipewa uhuru walioupigania wenyewe barabarani mwaka 1989, na pamoja na uhuru huo wakapewa hisia ya kuwa wageni katika nchi yao.

Mtu aliyeona kiwanda chake kikifungwa, na shule ya wanawe ikifungwa, na wanawe wenyewe wakihama, akisikia kwamba serikali imepata fedha za kuwapokea watu wa mbali, moyo wake huuliza: mbona sisi hatukupewa? Swali hilo si ovu. Uovu huanzia katika jibu analopewa. Kama angeambiwa ukweli, angeonyeshwa waliouza viwanda, na bei waliyouzia, na waliokaa kimya. Jibu la chama lilikuwa jepesi zaidi: liliyaacha hayo, likamwonyesha jirani mwenye sura nyingine. Hivyo ndivyo hesabu ya fedha inavyogeuzwa kuwa hesabu ya watu. Machungu ni ya kweli. Kinachobadilishwa ni mdaiwa.

Katika uchaguzi wa 2025 chama kilikuwa cha kwanza katika majimbo yote matano ya mashariki, ukiacha mji wa Berlin. Majimbo hayo ndiyo yenye wageni wachache kuliko magharibi, kwa kulinganisha idadi ya wakazi. Lakini asidhani mtu kwamba ugonjwa ni wa mashariki peke yake. Waliokipigia kura walikuwa zaidi ya milioni 10, na wengi wao waishi magharibi, katika miji ambako viwanda vingali vinafanya kazi. Wako waliokasirishwa na bei ya nyumba na ya kuni, na wako waliochoshwa na vyama vilivyopokezana serikali. Wako pia, na si haba, walioipenda hesabu ya watu kwa ajili yake yenyewe. Mtu mwenye insafu hawatii wote hao katika kapu moja, wala hawasamehi wote kwa udhuru mmoja.

Siasa ya namna hii haiendi kwa miguu. Huenda kwa maneno. Januari 2017 Björn Höcke, kiongozi wa chama katika jimbo la Thuringia na mwalimu wa historia kwa kazi yake ya zamani, alihutubia mjini Dresden akauita ukumbusho wa Wayahudi waliouawa, uliojengwa katikati ya Berlin, kuwa ni ukumbusho wa aibu, akataka taifa ligeuze kabisa namna linavyokumbuka historia yake. Juni 2018 Gauland alisema kwamba Hitler na wafuasi wake ni kama kinyesi cha ndege tu katika historia ya Ujerumani ya zaidi ya miaka elfu. Kila mara kelele zilipanda, na msemaji akadai kwamba hakueleweka. Lakini kizingiti kilichokwisha kurukwa hakirudi kimo chake. Neno lililoshtua mwaka huu husikika mwakani kama desturi, na mwaka wa tatu hudaiwa kuwa ni haki. Mei 2024 mahakama ya Halle ilimtoza Höcke faini kwa kutumia usemi wa jeshi la chama cha Hitler uliopigwa marufuku. Septemba mwaka ule ule chama chake kilishinda uchaguzi wa bunge la Thuringia kwa asilimia 32.8.

Neno moja lastahili uchunguzi wa mwanafunzi wa lugha. Januari 2024 waandishi wa habari wa shirika la Correctiv walieleza mkutano uliofanyika kwa siri hotelini mjini Potsdam Novemba 2023, ambamo watu wa chama hiki na wengine walisikiliza mpango wa kuwaondoa nchini watu wengi wenye asili ya kigeni. Chama kilikanusha kwamba kinataka kuwafukuza raia. Mamia ya maelfu ya Wajerumani walitoka nje katika baridi ya Januari kupinga. Jina la mpango huo lilikuwa "remigration", neno lenye asili ya Kilatini, ambalo juu juu lina maana ya kurudi tena tu. Mwaka mmoja baadaye, katika mkutano wa chama mjini Riesa, mgombea wake wa ukansela, Alice Weidel, alilitamka hadharani bila kificho, na wajumbe wakamshangilia.

Uzuri wa neno hilo, kwa wanaolipenda, ni kwamba halina mtenda. Halisemi nani arudi kwa hiari yake na nani arudishwe kwa nguvu. Kiswahili hakiwezi kuificha siri hiyo. Msemaji wa Kiswahili hana budi kuchagua: kurudi au kurudishwa. Katika silabi moja iliyoongezwa mna polisi, mna ndege ya usiku, mna mtoto aliyetolewa darasani. Tena hukabiliwa na swali jingine: mtu aliyezaliwa Dortmund, na baba yake akazaliwa Dortmund, arudi wapi? Lugha yenye viambishi haiachi kuuliza.

Vivyo hivyo neno mgeni. Wajerumani wana neno moja la yule akaribishwaye mezani na neno jingine la yule asiyejulikana. Kiswahili chawaita wote wawili mgeni, na kwa kuwaita hivyo chamtaka mwenyeji aamue kwa matendo yake ni yupi. Wahenga waliongeza: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa mara nyingi kumkebehi mgeni mvivu, lakini ina upande wake wa pili. Aliyepewa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumba. Aliyelima hawezi tena kuitwa mgeni wakati wa kula. Ujerumani ya Magharibi ilipatana na Italia mwaka 1955 na Uturuki mwaka 1961 iletewe wafanyakazi. Ikawaita wafanyakazi wageni. Wakapewa jembe siku ya kwanza: katika machimbo ya makaa, katika viwanda vya magari, katika tanuri za chuma. Wakaendelea kuitwa wageni mpaka wajukuu wao wakazaliwa, na ni mwaka 2000 tu sheria ilipoanza kuwapa watoto waliozaliwa humo na wazazi wa kigeni uraia kwa kuzaliwa. Kwa hiyo hesabu ya watu haikubuniwa na chama hiki. Kiliikuta katika daftari la taifa, kikalifungua ukurasa ambao wengine walikuwa wameufunika bila kuuchana.

Mei 2025 idara ya dola yenye kazi ya kulinda katiba ilitangaza kwamba chama chote ni cha siasa kali za kulia, na sababu kubwa iliyotoa ilikuwa hii: kwamba chama hulitafsiri taifa kwa ukoo na asili, na kwa tafsiri hiyo raia wengine hawahesabiwi kuwa sawa na wenzao. Chama kilikwenda mahakamani, na idara ikalisimamisha tangazo lake ikingoja hukumu. Lolote liamuliwalo na majaji, swali limekwisha wekwa mahali pake. Ibara ya kwanza ya Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949 haikuanza kwa kumtaja Mjerumani. Ilianza kwa kutaja heshima ya mtu, na ikasema kwamba heshima hiyo haiguswi.

Insafu yataka isemwe kwamba chama hiki si chama cha Hitler. Hakina jeshi lake barabarani, kinashindana kwa kura, na wengi wa wapiga kura wake hawamtakii jirani yao mauti. Asiyejua kutofautisha hupoteza haki ya kuonya. Hata hivyo tarakimu za zamani zafaa kukumbukwa. Chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu mwaka 1928, na asilimia 37 mwezi wa Julai 1932. Nacho pia kilikula machungu ya watu waliopoteza kazi, kikawaonyesha mdaiwa asiye wao. Ni baada ya kulisema hilo, na kwa mipaka hiyo, kwamba habari ya mwalimu wa Kiswahili yaweza kusimuliwa.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wadachi, na yeye mwenyewe alilitumikia jeshi lao katika vita vya kwanza angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Ujerumani kwa kazi ya meli, akaenda Berlin akaidai serikali mishahara ya vita, yake na ya baba yake, ambayo haikulipwa. Madai yake yalikataliwa. Akabaki mjini humo, akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alihudumu mezani katika nyumba ya starehe, akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu, akaigiza vijisehemu katika sinema. Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka, alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mojawapo ya sinema alizoigiza, iliyotoka mwaka 1941, ilimsifu Carl Peters, yule ambaye Waafrika walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huo huo alikamatwa kwa tuhuma ya kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Hakuhukumiwa na mahakama yoyote. Alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mtu huyu aliingia Berlin na hesabu ya fedha mkononi, tena hesabu halali. Dola ilikataa hesabu yake ikamfanyia hesabu nyingine. Alikuwa ameutumikia utawala ule tangu utoto, alisema lugha yake, na alivaa mavazi iliyomchagulia katika sinema zake. Utumishi haukumwokoa, kwa sababu hesabu ya watu haiulizi mtu amefanya nini. Yauliza ametoka wapi. Wanaodhani kwamba mgeni mwema, mwenye kazi na mwenye adabu, hana la kuogopa, na wasome maisha ya Mahjub bin Adam.

Kwa sababu hiyo si jambo dogo kwamba chama hiki kinashindana pia juu ya kumbukumbu ya ukoloni. Desemba 2019 wabunge wake walipeleka hoja katika Bunge la Shirikisho, wakitaka enzi ya ukoloni wa Kijerumani itazamwe pamoja na yale waliyoyaona kuwa ni manufaa yake. Reli zilijengwa, hapana abishaye. Lakini katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, maelfu kwa maelfu waliuawa kwa risasi, na wengi zaidi kwa njaa, maana mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi. Hesabu ya chini ya wanahistoria ni watu 75,000, na ya juu yafika 300,000. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mahali ambapo mashujaa walinyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa watu wa huko. Kati ya hoja ile na ombi hili ndipo Ujerumani iliposimama. Taifa lile lile lina midomo miwili, na haijaamuliwa ni upi utakaosema kwa niaba yake.

Dawa ni ipi? Vyama vingine viliahidi kutoshirikiana na chama hiki, wakaiita ahadi hiyo ukuta wa kuzuia moto. Tarehe 29 Januari 2025 hoja ya chama cha CDU juu ya wahamiaji ilipita bungeni kwa msaada wa kura zake, 348 kwa 344, na ufa ukaonekana. Wako wasemao kwamba chama kipigwe marufuku. Katiba yaruhusu; mahakama ya katiba ilivipiga marufuku vyama viwili, kimoja mwaka 1952 na kingine mwaka 1956. Lakini mwaka 1956 na 2025 si sawa. Chama chaweza kufungwa kwa hukumu moja; watu milioni 10 hawafungwi, wala machungu yao hayafungwi. Sheria na ilinde nyumba, maana ndiyo kazi yake. Lakini sheria haiezeki paa lililovuja miaka 30. Anayetaka kukishinda chama hiki hana budi kuirudia hesabu ya kwanza, ile ya fedha, ya kazi, ya nyumba na ya shule, na kuifanya kwa uaminifu mbele ya watu, ili mdaiwa wa kweli ajulikane. Asipofanya hivyo, wengine watamfanyia hesabu, nao wataanza na majirani.

Msomaji wa Kiswahili asifunge ukurasa akidhani kwamba amesoma aibu ya Wazungu. Lugha hii tamu nayo imetumiwa. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambamo zaidi ya watu 1,100 waliuawa, watu wa makabila mengine katika Bonde la Ufa waliitwa "madoadoa". Neno lile halikutoka Kilatini. Ni neno la kitambaa na ng'ombe, ambalo mtoto hujifunza bila hila. Likapewa watu, na waliopewa wakajua kwamba doa ni kitu cha kufuliwa. Huko nako walikuwako watu waliolima ardhi hiyo tangu ujana, na jembe halikuwatetea. Viambishi vyetu hufichua siri ya neno la mwenzetu, lakini havituzuii kutunga letu.

Mbele ya nyumba namba 193 katika Brunnenstraße, mjini Berlin, pametiwa kijiwe cha shaba njiani, mwaka 2007, chenye jina la mwalimu wa Dar es Salaam. Ni kidogo kama kiganja, na asiyeinamisha kichwa hawezi kukisoma. Katika mji huo huo, umbali wa mwendo wa miguu, bunge laketi, na katika bunge hilo wako wabunge wa chama kilichoanza kwa kuuliza habari ya deni la Ugiriki. Kila taifa lina haki ya kuhesabu fedha zake, na lisilozihesabu hufilisika. Lakini hesabu ya watu ikianza, raia mwenye busara hangoji kuona jina la jirani yake likifutwa. Huuliza mapema ni nani aliyeshika kalamu, na ni majina ya nani yaliyoandikwa katika ukurasa unaofuata.